Jinsi ya Kumtoa Ngamia Kisimani: Mwongozo wa Vihusishi kwa Mwanafunzi wa Eldas

Sentensi moja ya Kiswahili inaweza kuamsha mji mzima. Ingia Eldas mbio saa saba mchana, jua likiwa la utosi, upaze sauti: "Ngamia yumo kisimani!" Wanaume watatoka vivulini na kamba, vijana watavua mashati, akina mama watashika vichwa. Wakifika watamkuta ngamia amesimama kando ya hori, anakunywa maji bila wasiwasi wowote. Ulitaka kusema "yupo kisimani". Yupo maana yake ni kwamba amefika mahali hapo. Yumo maana yake ni kwamba ametumbukia ndani. Tofauti ya p na m ni tofauti ya kunywa maji na kufa maji.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyelelewa kwa Kisomali huko Eldas, mojawapo ya majimbo sita ya Kaunti ya Wajir, ambaye Kiswahili anakutana nacho darasani, redioni, dukani na kwa askari wa barabarani. Kiswahili ni lugha ya taifa, na Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Majina mwanafunzi huyu huyadaka upesi, vitenzi pia. Kinachompotezea alama ni jamii ya vijineno: kwa, na, katika, kwenye, kutoka, pamoja na kiambishi -ni na ndugu zake po, ko, mo. Watu wazima humwambia avikariri. Mimi namwambia jambo jingine: vijineno hivi haviishi peke yao, vinaishi na kitenzi. Msomali analijua hilo tangu utotoni, kwa kuwa lugha yake imejengwa juu ya msingi huo huo. Kilichobaki ni kumwonyesha.

Hatua ya kwanza: Funga orodha, fungua daftari

Usianze na orodha ya vihusishi. Kila lugha inayofundishwa shuleni ina orodha yake. Watoto wanaosoma Kihispania, kuanzia Madrid hadi Guinea ya Ikweta, hukaririshwa a, ante, bajo, con, contra, de, desde na kuendelea hadi mwisho wa alfabeti. Mtoto akimaliza, anajua orodha, ila bado hajui kwamba Mhispania "huwaza ndani ya" kitu, pensar en, na "huota pamoja na" kitu, soñar con. Hakuna orodha itakayomwambia hivyo. Kitenzi ndicho kitakachomwambia.

Hali ni hiyo hiyo kwetu. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, mwanafunzi huulizwa aeleze matumizi ya "kwa" au ya "na" katika sentensi. Aliyekariri kwamba "kwa" ina kazi kadhaa atazitaja zote na asijue ipi iko mbele yake. Kwa hiyo nunua daftari. Juu ya kila ukurasa andika kitenzi kimoja: hama, uza, ogopa, kimbia, pika. Chini yake andika sentensi ulizozisikia au kuzisoma, na upigie mstari kijineno kilichoandamana na kitenzi hicho. Ukurasa ukijaa, kitenzi kitakuwa kimekueleza chenyewe kinapenda kutembea na nani.

Hatua ya pili: Hesabu mali uliyo nayo

Kisomali kina vihusishi vinne tu: u, ku, ka, la. Vinne! Navyo havisimami karibu na jina, vinasimama karibu na kitenzi. *Wajeer baan ku noolahay*, ninaishi Wajir. *Wajeer baan ka imid*, nimetoka Wajir. *Mindi baan ku jaray*, nimekata kwa kisu. *Hooyaday baan u sheegay*, nimemwambia mama yangu. *Walaalkay baan la socdaa*, natembea na ndugu yangu.

Hivi vinne vikikutana huungana. U na ku huwa ugu, u na ka huwa uga. Kikiongezwa kiwakilishi cha nafsi, hapo ndipo *iiga warran* inapopatikana: mimi, u na ka, vyote vimekaa mbele ya kitenzi kimoja, maana yake "nieleze habari za". Mtoto wa Eldas huyafanya haya yote kabla hajaingia duksi, shule ya Kurani. Anayeweza kuunda "iiga" bila kufikiri hana sababu ya kuiogopa "niletee".

Sasa pokea zawadi mbili. Ya kwanza: Msomali husema *waan ku jeclahay*, Mswahili husema "nakupenda". Ku ya huku ni wewe, na ku ya kule ni wewe. Ya pili: ku ya Kisomali ni ya mahali, na Kiswahili nacho kina ku ya mahali, katika kule, huku na kuna. Lugha hizi mbili si ndugu, kwani Kisomali ni cha jamii ya Kikushi na Kiswahili ni cha Kibantu. Mfanano huu umetokea tu. Lakini uwapo wake ni faida, na mwanafunzi mwerevu haikatai faida kwa kuwa haikupangwa.

Chukua basi ramani ya kuanzia. U mara nyingi hugeuka kuwa kauli ya kutendea. Ku ya mahali hugeuka kuwa -ni, au hutoweka kabisa. Ku ya chombo hugeuka kuwa "kwa". La hugeuka kuwa "na" au "pamoja na". Ka ni msumbufu, na nimempa hatua yake mwenyewe.

Hatua ya tatu: Mpikie mgeni, usimpike

Msomali akisema *hooyo martida bay u karisay*, mama amewapikia wageni. Akiiacha u, mama amewapika wageni wenyewe. Kiswahili kina hatari hiyo hiyo na kinga yake ni hiyo hiyo, ila imewekwa mahali pengine. U ya Kisomali hutangulia kitenzi, na kwa Kiswahili kazi hiyo hufanywa na sauti ndogo inayoingia ndani ya kitenzi, karibu na mwisho wake: pika, pikia, leta, letea, nunua, nunulia, chinja, chinjia. "Mama amepika wageni" ni kesi ya polisi. "Mama amewapikia wageni" ni karamu. "Kijana amemchinja babu" ni msiba, na "Kijana amemchinjia babu mbuzi" ni heshima.

Linganisha *caano geel ii keen* na "niletee maziwa ya ngamia". Ii ya Kisomali ni mimi pamoja na u. Katika "niletee" mimi nimo, ni ile ni- ya mwanzo, na u imo, ni ile -e- iliyoongezwa baada ya let-. Viungo ni vile vile, mpangilio ndio umebadilika. Mwalimu akiandika sentensi hizi mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, na kuunganisha viungo kwa mistari, atakuwa amefundisha somo ambalo maelezo ya ukurasa mzima hayalifikii.

Zingatia pia wa- katika "amewapikia". Kiswahili hakipendi binadamu atajwe kama mtendwa bila kuwekewa alama yake ndani ya kitenzi. Tunasema "naona nyumba", lakini "namwona mama". Wahispania wana desturi kama hiyo: veo la casa, naona nyumba, bali veo a mi madre, namwona mama. Kwao kihusishi "a" ndicho kinachompisha binadamu, kwetu ni kiambishi ndani ya kitenzi. Nyumba haihitaji heshima hiyo. Mama anaihitaji.

Kuna vitenzi ambavyo sauti hiyo ndogo hugeuza hata mwelekeo wa safari, na hapo ndipo unapotakiwa kukaa macho zaidi. Kumkimbia fisi ni kumpa kisogo. Kumkimbilia fisi ni kumwendea mbio. Usiku wa giza, nje ya boma, ukimpigia mtu kelele "Mkimbilie fisi!" utakuwa umemtuma kwenye meno. Na kwa jamii ya wafugaji hakuna kitenzi kinachohitaji uangalifu kuliko hama. "Familia hii imehama Eldas" maana yake imeondoka. "Familia hii imehamia Eldas" maana yake imekuja. Kisomali hupambanua kwa *ka guur* na *u guur*. Mtu anayeandikisha majina ya watakaopewa chakula cha msaada wakati wa ukame akiandika "imehama" badala ya "imehamia", amefuta sufuria ya watu kwa kukosa silabi moja. Ndiyo maana sikubali somo hili liitwe dogo.

Hatua ya nne: Mtoe ngamia kisimani

Kiambishi -ni hukaa mwishoni mwa jina na kuligeuza kuwa mahali: kisima, kisimani, malisho, malishoni, soko, sokoni. Jina likishapata -ni, huingia katika ngeli ya mahali, ile ambayo vitabu vya shule huiita PAKUMU, na ngeli hiyo ina milango mitatu. Pa- ni ya mahali hasa, unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Ku- ni ya mahali pa jumla, upande fulani huko. Mu- ni ya ndani.

Ngamia na maji vinatosha kuifundisha milango yote mitatu. Ngamia wako malishoni: wako huko nje kokote, hujui ni chini ya mgunga gani. Ngamia wapo kisimani: wamefika, unawaona. Maji yamo kisimani: yako ndani, na ndiko yanakotakiwa kuwa. Kisha endelea na vimilikishi. Kisimani kwetu kuna msongamano. Kisimani petu pana kivuli. Kisimani mwetu mna maji. Kisima ni kile kile, lakini kila sentensi imekitazama kwa jicho jingine.

Methali zitakusaidia kulishika hilo. Penye nia pana njia. Penye wengi pana mengi. Ukianza na pa- unamaliza na pa-. Mzee aliyelelewa kwa Kiswahili hakosei hapo hata akiamshwa usingizini, kwa kuwa sikio lake limeshazoea mwangwi wa silabi hizo. Wewe nawe litajie sikio lako methali hizo kwa sauti.

Yapo makosa mawili ambayo karani na mwanafunzi huyafanya kwa pamoja. La kwanza ni kuvaa kanzu mbili: "katika shuleni", "kwenye sokoni", "ndani ya nyumbani". Jina lenye -ni limeshapata kihusishi chake, halihitaji kingine. Sema "shuleni" au "katika shule". La pili ni kuyapa majina ya miji kile yasichokihitaji. Hakuna "Wajirini" wala "katika Eldas" wala "kwa Eldas". Mji ni mahali tayari. "Ninaishi Eldas. Nimetoka Habaswein. Nakwenda Garissa." Hapa mtu wa Eldas aliyezoea ku na ka huhisi kama ameacha pengo. Hajaacha. Kitenzi "ishi" kimeshasema ndani, "toka" kimeshasema kutoka na "enda" kimeshasema kuelekea. Kiamini kitenzi.

Hatua ya tano: Mpumzishe Kwa

Hakuna neno linalotumikishwa Kenya nzima kuliko "kwa". Nairobi wamelitwika kazi zote za mahali: "niko kwa gari", "weka kwa meza", "nimetoka kwa shule". Lugha hiyo husafiri hadi Wajir ndani ya mabasi na simu za vijana, na watu huelewana kwayo. Lakini mbele ya mtahini, mbele ya hakimu au katika barua ya kuomba kazi, "kwa" ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni mizuri.

Kwa + mtu ni mahali pa mtu huyo: nakwenda kwa mjomba, nimelala kwa nyanya, mpeleke kwa daktari. Kisomali hapo hutumia u, *dhakhtarka u tag*. Kwa + kitu ni chombo au njia: kwa kisu, kwa gari, kwa miguu. Hiyo ndiyo ku ya *mindi baan ku jaray*. Kwa + hali ni namna: kwa furaha, kwa haraka. Halafu kuna sababu, kwa njaa, na idadi, watano kwa kumi. Basi "nakwenda kwa ngamia" ni kusema kwamba umempanda. Ikiwa mtaani kwenu kuna mzee anayeitwa Ngamia, sentensi hiyo hiyo inakupeleka nyumbani kwake kunywa chai. Na "niko kwa gari", kwa Kiswahili cha barua, inamfanya gari kuwa mwenyeji wako. Andika "nimo garini".

Mtenganishe pia "kwa" na "na" katika kauli ya kutendwa. Na ni ya mtendaji, kwa ni ya chombo. Mbuzi aliliwa na fisi. Nyama ilikatwa kwa kisu. Ukiandika katika taarifa ya polisi kwamba mzee "alipigwa na fimbo", umeishtaki fimbo. Askari aliye makini ataitafuta fimbo, na mshtakiwa halisi atakwenda nyumbani. "Alipigwa na jirani kwa fimbo": sasa kila mmoja amekaa mahali pake, jirani kizimbani na fimbo mezani kama kielelezo.

Hatua ya sita: Usiitafsiri ka

U, ku na la zitakutii mara nyingi. Ka haitakutii. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ka ni "kutoka", anaibeba hivyo hadi kila mahali, na Kiswahili kinamgomea.

Anza na hofu. Msomali humwogopa fisi kwa ka: *waraabe ayaan ka cabsadaa*. Mswahili humwogopa tu: "Naogopa fisi." Hakuna "naogopa kutoka fisi". Kisha fikra. Msomali hulifikiri jambo kwa ka, *ka fikir*. Mhispania huwaza ndani yake. Mswahili huchukua fikiri, akaitia ile sauti ndogo ya kutendea, akapata "fikiria", na hahitaji neno jingine. Watu hawa watatu wanalifikiria jambo lile lile. Aliyewapangia njia ni kitenzi cha kila mmoja.

Sokoni ndiko ka inakokula hela za watu. Kisomali husema *iga iibso*, nunua kwangu, na *iga iibi*, niuzie. Ka imo katika zote mbili. Mbuzi anakuja kwangu katika moja na anaondoka kwangu katika nyingine, na ka haijali. Kiswahili kinajali. "Nimenunua mbuzi kwa Ali": Ali ana pesa, mimi nina mbuzi. "Nimemuuzia Ali mbuzi": Ali ana mbuzi, mimi nina pesa. Na ukiteleza ukasema "Nimemuuza Ali", ndugu zake watataka kukuona. Kabla hujaingia soko la mifugo la Garissa, ambako wafanyabiashara wa kila upande wa nchi hukutana na wafugaji, fungua ukurasa wa "uza" na ukurasa wa "nunua" usome sentensi zako kwa sauti. Hilo ni somo la kiuchumi.

Halafu kuna pale ambapo ka na Kiswahili hukutana kwa namna ya kupendeza. *Wuu iga weyn yahay*, yeye ni mkubwa kuliko mimi. Kisomali hulinganisha kwa ka: ukubwa wake unapimwa kuanzia kwangu. Tazama "kuliko" kwa makini: ku- ya mahali, -li- ya kuwa, -ko ya mahali. Ni "pale alipo" mwingine. Lugha zote mbili zimeona kwamba kumlinganisha mtu na mtu ni kuwapa mahali pa kusimama. Usiitafsiri ka kwa "kutoka" hapo. Sema "kuliko", na ujue kwamba ndani yake mna mahali.

Hatua ya saba: Geuza safu

Juu, chini, ndani, nje, mbele, nyuma, kando. Kiswahili huyapanga kabla ya kitu na kuyaunganisha kwa "ya": chini ya mti. Kisomali hutaja kitu kwanza: *geedka hoostiisa*, yaani mti, chini yake. Wote wawili wameichukulia "chini" kuwa mali ya mti. Aliyezoea hoostiisa atazielewa mara moja "chini yake", "juu yake", "kando yake", kwa sababu -iisa ya kwao ndiyo -ake ya huku. Kinachotakiwa ni kugeuza safu: mahali kwanza, kitu baadaye.

Jihadhari na "juu" ya mjini inayomaanisha "kwa sababu". "Sikuja shuleni juu mvua ilinyesha" inaeleweka Nairobi, lakini katika insha inamweka mwanafunzi juu ya mvua. Andika "kwa sababu" au "kwa kuwa".

Hatua ya nane: Lijibu swali la barabarani

Barabara ya kwenda Nairobi kutoka Wajir hufika Garissa na kuvuka Mto Tana, na njiani kuna vizuizi vya askari. Swali ni lile lile: "Unatoka wapi?" Kwa Kiswahili swali hili lina maana mbili. Moja ni safari yako ya leo ilianzia wapi. Nyingine ni asili yako ni wapi. Abiria wengi wa sehemu nyingine za nchi hawateseki kwa kuchanganya hizo mbili. Kwa Msomali wa Kenya swali hili lina historia. Mwaka 1989 serikali iliendesha usajili maalumu wa Wasomali wa Kenya ili kuwatenga raia na wageni, na kwa miaka mingi kijana wa Wajir na kaunti jirani alipoomba kitambulisho alipitia kamati ya uchunguzi ambayo vijana wa kaunti nyingi nyingine hawakuijua. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi huo wa kipekee.

Haki ya raia haitokani na ufasaha wake, na askari hana ruhusa ya kumnyima mtu njia kwa kukosea kihusishi. Hata hivyo nataka kila abiria wa Eldas awe na jibu lililosimama wima, lenye kila kiungo mahali pake: "Nimetoka Eldas leo asubuhi. Mimi ni mzaliwa wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir. Ninakwenda Nairobi, kwa shangazi yangu. Kitambulisho hiki hapa." "Nimetoka" ni ya safari, "mzaliwa wa" ni ya asili, "kwa" ni ya mwenyeji. Maana mbili zimetenganishwa kabla hazijachanganywa na mtu mwingine. Lifanyieni mazoezi darasani, mmoja akiwa askari na mwenziwe abiria, kisha mbadilishane.

Hatua ya tisa: Tafuta wa kuzungumza naye

Hapa ndipo penye ugumu, na ugumu huu si wa kisarufi. Vijineno hushikwa kwa kusikilizwa, na anayesikilizwa zaidi ni mwalimu. Baada ya mashambulizi ya Februari 2018 huko Qarsa, Kaunti ya Wajir, na ya Januari 2020 huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa, ambamo walimu waliuawa, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu aliyeondoka. Lakini mtoto aliyebaki darasani alipoteza sikio lake la Kiswahili, kisha akafanya mtihani ule ule na mtoto wa Malindi.

Kwa hiyo mtoto huyu lazima atumie kila sauti iliyo karibu. Redio: asikilize taarifa ya habari, achague kitenzi kimoja, akiandike pamoja na vijineno vyake. Dereva wa lori na utingo wake: wanatoka Thika au Mwingi na wana hadithi. Muuguzi, fundi, muuza duka. Na akiambiwa kwamba Kiswahili si chake, ajue kwamba Barawa, mji wa pwani ya Somalia, una watu ambao lugha yao ya mama ni Chimwini, tawi la Kiswahili, na kwamba Wabajuni wameishi na Kiswahili chao kutoka visiwa vya Lamu hadi Kismayo. Msomali na Kiswahili ni majirani wa karne nyingi.

Kubwa kuliko yote, Kisomali kiruhusiwe kusema darasani. Sera ya elimu ya Kenya inataka watoto wa madarasa ya chini, hadi Gredi ya 3, wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Tangu 1972 Kisomali kina maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, basi hakuna kinachomzuia mwalimu kuandika *u kari* ubaoni na "pikia" kando yake. Mwalimu aliyetoka Kakamega au Kisii hatakiwi kujua Kisomali ndipo afanye hivyo. Anatakiwa kuuliza. Vihusishi vyenyewe ni vinne, na darasa zima la walimu limeketi mbele yake.

Jipime

Sahihisha sentensi hizi, kisha ueleze ni nini kingetokea kama zingekuwa kweli.

1. Mama amepika wageni pilau.
2. Tulihama Eldas mwaka jana na tunaishi hapa hadi leo.
3. Vitabu vipo katika kabatini.
4. Mbwa alipigwa na jiwe.
5. Naogopa kutoka nyoka.

Majibu: Mama amewapikia wageni pilau. Tulihamia Eldas mwaka jana. Vitabu vimo kabatini, au vimo katika kabati. Mbwa alipigwa kwa jiwe. Naogopa nyoka. Ukipata zote, fungua ukurasa mpya wa daftari uanze kitenzi kingine, kwa maana vipo vingi. Ukikosa moja, usirudi kwenye orodha. Rudi kwenye kitenzi chake.

Swali la sita ni la mwalimu, na jibu lake halimo katika kitabu chochote cha kiada: mpe chaki mwanafunzi wako anayepata alama za chini kabisa, umwombe akufundishe tofauti ya ugu na uga. Utakapomaliza kumsikiliza utakuwa umejua kwamba uliyemwita dhaifu wa vihusishi amekuwa akivitumia maisha yake yote, tena vikiwa vimeunganishwa viwili viwili.